Sufu mbichi ya kondoo kuwa uzi, pamoja na watoto: mbona yetu imegandamana kama zulia?

#1 Mama_wa_Himbi (Goma)
Jambo wote. Kila Jumamosi asubuhi nina watoto 9 nyumbani, wa miaka 6 hadi 12, tunafanya kazi za mikono. Kufuma wanajua, lakini uzi wetu wote unatoka kwenye sweta za chaguwa (mitumba) tunazozifumua. Siku moja mtoto akaniuliza, "Mama, uzi unazaliwa wapi?" Swali hilo limenikaa kichwani miezi miwili.

Shemeji yangu wa Nakuru akanitumia gunia la sufu, kilo 4. Likapita Kampala na Kigali hadi barieri ndogo, mpakani mwa Rwanda na Goma. Tukalimwaga uani, harufu ya zizi ikajaa nyumba nzima, watoto wakafurahi kupita kiasi. Tukatoa mavi na miba, kila mmoja na rundo lake, na mikono yao ikabaki laini kama waliopakwa mafuta. Baadaye tukaosha: beseni, maji ya moto, sabuni ya unga, watoto wakafikicha kama wanavyofua shati la shule. Tukasuuza kwa maji baridi. Nilichotoa kwenye beseni kilikuwa kipande kigumu, unene wa kidole, huchomoi hata unyoya mmoja. Kilo 2 zimekwenda hivyo. Wa miaka 7 alilia.

Maji yalikuwa ya ziwa. Jirani anasema kosa ni maji, dada yangu anasema ni sabuni. Nimebaki na kilo 2 na sitaki kuziharibu. Nisaidieni.

#2 Kijana_wa_Kibumba
Pole mama. Lakini juu ya nini unaenda kutafuta manyoya mpaka Nakuru? Huku kwetu kondoo ziko mingi. Nakuletea gunia na chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao, kutoka Kibumba mpaka Goma ni kuteremka tu.

#3 Daktari_Mifugo_Bkv (Bukavu)
Kijana #2, moyo wako mzuri, ila kondoo wetu wengi wana nywele, hawana sufu. Shika manyoya yake uyatazame: yamenyooka, mafupi, yanateleza. Sufu ina mawimbi madogo madogo, na mawimbi hayo ndiyo yanayofanya unyoya mmoja umshike mwenzake. Nywele za kondoo wa kawaida unaweza kuzisokota kutwa, ukiachia tu zinafumuka.

Kenya ni jambo jingine. Molo na Nyandarua kuna baridi, na wafugaji wana Corriedale, Merino, Hampshire, Romney. Mama, uliza shemeji ni aina gani. Jibu la swali lako huenda limo humo.

#4 Kijana_wa_Kibumba
Daktari, kondoo wa babu yangu huku juu kwenye baridi alikuwa na kitu laini chini ya nywele, kama pamba. Nilikikwangua na kidole changu mwenyewe.

#5 Daktari_Mifugo_Bkv
Sikatai. Wengine wana koti la chini, hasa kwenye baridi. Lakini ni kidogo, na hukipati bila nywele ndefu kuchanganyika nacho. Ukipata kiganja kimoja kwa kondoo mmoja umepata.

#6 Kemia_Bukavu
Nafundisha kemia sekondari, naomba niseme. Maji ya Ziwa Kivu yana asili ya magadi: pH yake (kipimo cha magadi na tindikali) kwenye maji ya juu ni karibu 9, na magnesi imejaa. Sabuni ya kipande ukiiweka humo inafanya utando mweupe badala ya povu, kila mama wa Bukavu anaujua. Sufu ni protini, jamaa wa kucha na nywele zetu. Magadi yanaivimbisha na kuilegeza. Ongeza sabuni ya unga, nayo ina magadi yake. Hukumu yangu: maji na sabuni, wote wawili. Tumia maji ya mvua.

#7 Fundi_Chukudu (Goma)
Mwalimu, mvua ya Goma unaijua? Inapita kwenye moshi wa volkeno yetu, Nyiragongo, kabla haijafika kwenye bati. Mabati yangu yameoza kwa ajili ya hiyo. Ukikimbia magadi unakutana na tindikali.

#8 Kemia_Bukavu
Kweli, kwa Goma nilisahau mlima. Na tindikali nayo huisaidia sufu kugandamana. Hata hivyo bado ningechagua mvua, hasa ya siku ambazo moshi umeelekea Sake.

#9 Bibi_Korosheti (Butembo, sasa Goma)
Wanangu, habari. Nimefuma miaka 40. Mimi ile kugandamana naifanya kwa kupenda, natengeneza soli za ndani za viatu. Butembo niliifanya na maji ya mvua, hapa naifanya na maji ya ziwa, na kote inagandamana vilevile. Kinachohitajika ni kufikicha. Mama wa Himbi, umeandika mwenyewe kwamba watoto walifikicha kama shati. Basi. Usitafute mbali.

Unyoya wa sufu una magamba kama ya samaki, yote yameelekea upande mmoja. Ukifikicha kwenye maji ya moto yenye sabuni yanafunguka, kila unyoya unatambaa kuelekea kwenye shina lake, haurudi nyuma. Magamba yanakamatana. Hapo umekwisha.

#10 Mfugaji_Molo (Kenya)
Salamu kutoka Molo. Bibi yuko sawa nusu. Kuna jambo la pili ambalo kila mtu hapa amelipita: maji ya moto halafu baridi. Sisi tunaosha kwa maji ya moto unayoshindwa kuingiza mkono, kama digrii 60, kwa sababu mafuta ya sufu hayayeyuki vizuri kwenye vuguvugu. Lakini maji ya kusuuza yawe ya moto huohuo. Ukiihamisha ghafla inashtuka na kujikunja.

Utaratibu wetu: siku ya kwanza iloweke kwenye maji baridi usiku mzima bila sabuni. Jasho la kondoo ni chumvi, linatoka lenyewe, maji yanakuwa kama chai ya maziwa. Hayo maji mwagia mboga. Siku ya pili weka sufu kwenye mfuko wa neti, ule wa vitunguu unafaa. Tia sabuni kwenye maji ya moto kwanza, kisha zamisha mfuko, acha dakika 20. Usiukoroge, usiukamue, hata kuugeuza acha. Toa, sabuni tena, kisha suuza mara mbili. Anika kivulini juu ya waya. Kilo 2 zikirudi kilo 1 na kidogo usishtuke, kilichotoka ni mafuta na vumbi.

Na maji ya moto wayashike wakubwa. Watoto wabaki na kazi ya kuchambua.

#11 Bibi_Korosheti
Molo, asante kwa neti ya vitunguu, hiyo sikuijua. Ila habari ya kushtuka sina imani nayo. Nimehamisha mara nyingi moto-baridi nikiwa na haraka, na sufu ambayo haikuguswa haikufanya kitu.

#12 Mfugaji_Molo
Bibi, na mimi nimepoteza manyoya mazima ya kondoo dume kwa beseni moja la maji baridi. Sikuyafikicha. Nilimimina tu maji.

#13 Bibi_Korosheti
Uliyamimina juu yake kutoka juu? Huko ni kufikicha pia, baba.

#14 Mama_wa_Himbi
Asanteni sana nyote. Nimempigia shemeji. Anasema gunia lilichanganywa kondoo wa jirani wawili: mmoja ana Corriedale, mwingine ana wale wenye uso mweusi, Hampshire waliochanganyika. Daktari, hili lina maana?

#15 Daktari_Mifugo_Bkv
Lina maana kubwa! Wenye uso mweusi wa jamii ya Hampshire sufu yao ina ukaidi, haigandamani kirahisi, inabaki kama sponji. Yenye ulaini wa Merino, na Corriedale ana damu ya Merino, inagandamana hata ukiitazama vibaya. Kagua kile kipande kigumu. Kama kuna sehemu zilizobaki zimefumuka, hizo ndizo za uso mweusi.

Sasa jambo zito, naomba lisipite. Sufu isichukuliwe KAMWE kwa kondoo aliyekufa ghafla, hasa kama damu imetoka puani. Kimeta kinaishi kwenye manyoya na ngozi miaka mingi. Karne ya 19 kule Bradford, Uingereza, wafanyakazi waliokuwa wakichambua sufu viwandani walikufa kwa kimeta cha mapafu, hadi kikaitwa ugonjwa wa wachambua sufu. Pasteur alipotaka kuonyesha chanjo yake ya kimeta mwaka 1881 aliwachanja kondoo. Kondoo mzima aliyekatwa manyoya akiwa hai, mwenye chanjo, hana shida. Kijana wa Kibumba, gunia lako nitaliuliza maswali kwanza.

#16 Kijana_wa_Kibumba
Daktari nimesikia. Zangu ni wazima, zinakula majani hapa mbele yangu nikiandika.

#17 Fundi_Chukudu
Mama, tuseme sufu imetoka safi. Unasokota na nini? Nimeona mtu anatumia fimbo na sahani ya sidii.

#18 Mama_wa_Himbi
Hapo ndipo kuna tatizo la pili, nilitaka kulileta baadaye. Nilikuwa na konzi chache safi ambazo shemeji aliziosha mwenyewe. Tukazichana kwa brashi mbili za mbwa, zikawa kama mawingu. Watoto walikaa nazo mashavuni. Tukatengeneza na pia, chombo cha kusokotea: kijiti cha sentimita 30, sidii chini, ndoano ya waya juu. Uzi unashuka, unashuka, unafika sentimita 40, pap! Pia inaanguka. Kila mtoto, kila mara. Uwanja wetu ni mawe ya volkeno, sidii 4 zimepasuka.

#19 Mwana_Lushi (Lubumbashi)
Kamba hukatikia pembamba. Wafundishe wavute unyoya kwa usawa, unene uleule mwanzo hadi mwisho.

Sisi huku L'shi kondoo wa sufu hatuna, tulifanya kwa pamba, na badala ya sidii watoto walifinyanga visahani kwa udongo wa kichuguu, tundu katikati, vikachomwa. Gramu 30 hivi. Kwa pamba hata hizo zilikuwa nzito, nyuzi zake ni za sentimita 2 au 3 tu. Nyie wenye sufu ya sentimita 8 mna bahati.

#20 Bibi_Korosheti
Mwana Lushi, methali yako ni ya kamba iliyokwisha kusokotwa. Uzi unaosokotwa unafanya kinyume. Msokoto unakimbilia pembamba! Sehemu nyembamba inakunywa mizunguko yote, inakuwa ngumu kama waya. Ile nene iliyo jirani inabaki bila msokoto, laini, nyoya zinateleza zinaachana. Chukua kipande kilichokatika, tazama ncha. Kama imechanua kama mkia wa farasi, ilikatikia penene.

#21 Mwana_Lushi
Bibi, nimetoka kutazama vya kwetu vilivyobaki kwenye kopo. Ncha zimechanua kweli. Si zote lakini. Kama theluthi zimekatika kama zilizokatwa na meno. Kwa hiyo methali yangu ibaki na theluthi yake.

#22 Mfugaji_Molo
Mimi nasema tatizo ni sufu kuoshwa hadi kukauka kabisa. Mafuta yakiisha yote nyoya zinakwaruzana, hazitelezi kwa mpangilio. Mama yangu alisokota na mafuta yake humohumo, aliosha baada ya kuwa uzi. Kama imekauka, pangusia tone la mafuta ya kula kwenye viganja kabla ya kuchana.

#23 Kemia_Bukavu
Au umeme wa msuguano. Kiangazi, hewa kavu, nyoya zinasukumana. Nyunyiza maji kidogo.

#24 Fundi_Chukudu
Kiangazi Goma, mita 50 kutoka ziwani? Mwalimu, njoo uanike nguo zako huku uone hewa kavu.

#25 Mzee_wa_Pamba (Lubumbashi)
Watoto wangu, nimesoma yote. Nilizaliwa Maniema. Utawala wa Wabelgiji ulitulazimisha kulima pamba tangu 1917, na kila nyumba ilikuwa na shamba lake la lazima. Mama yangu aliichukia pamba ile. Lakini alibakiza kidogo, akaisokota pajani kwa kiganja, kwa ajili ya tambi za taa. Pia hakuwa nayo. Pamba ilipelekwa kwenye mashine, mingine Albertville ambayo sasa ni Kalemie, ikarudi kwetu vitambaa vya kununua.

Nataka kusema hivi. Mnawapa watoto kazi tatu kwa mara moja: kuvuta unyoya, kuzungusha pia, na kushikilia uzito unaoning'inia. Mtoto wa miaka 7 ana mikono miwili. Mpe kijiti chenye ndoano tu, akizungushe pajani kama tunavyosokota kamba ya katani. Mwenzake ashike wingu la sufu na kurudi nyuma polepole, mmoja anazungusha, mmoja anavuta. Hakuna kinachoning'inia, hakuna kinachoanguka. Tulitengeneza kamba za mbuzi hivyo, watoto wawili wawili, tukiimba.

#26 Mama_wa_Himbi
Mzee, shikamoo. Nimesoma ujumbe wako mara tatu. Jumamosi tunajaribu.

#27 Dada_wa_Pwani
Nilikuwa napita tu. Visahani vya Mwana Lushi vimenikumbusha Kilwa. Wachimbaji wa mambo ya kale wamevikuta huko vigae vya vyungu vilivyochongwa mviringo na kutobolewa katikati, vya kusokotea pamba. Watoto wenu wanafanya kazi ya mji wa kale.

#28 Fundi_Chukudu
Nimefikiria usiku kucha habari ya gurudumu. Mzee atanisamehe, paja ni zuri lakini linachoka. Nina gurudumu la nyuma la baiskeli na mti wa mkaratusi uliobaki kwenye chukudu. Gurudumu likizungushwa mara moja, kijiti chembamba kilichofungwa nalo kwa mkanda wa mpira wa tairi kinazunguka mara 20 na zaidi. Nitaleta kwa Mama wa Himbi, bure. Nataka tu kuona watoto wakikitumia.

#29 Bibi_Korosheti
Lete Fundi, lakini baada ya mikono kujifunza. Gurudumu linakwenda mbio kuliko akili ya mtoto, atajikuta na waya.

#30 Fundi_Chukudu
Bibi, kwenye kijiti nitaweka vigurudumu viwili vya kupitishia mkanda: kikubwa cha watoto, kiende polepole, na kidogo cha wewe.

#31 Mama_wa_Himbi
Narudi na habari, samahani ni ndefu.

Kuosha kwanza. Nilifanya ndoo tatu kwa sufu ileile ya Corriedale, gramu 200 kila moja, kwenye neti za vitunguu: ziwa, mvua, na ziwa lenye vijiko viwili vya siki. Mtoto mmoja mkubwa kwa kila ndoo, kazi yake ni kutazama saa na kutogusa. Ndoo ya mvua ilitoka nzuri, nyeupe, imefumuka. Ya ziwa ilianza kushikana kwenye kingo, katikati salama. Ya siki ikawa kati yao. Mwalimu wa Kemia atafurahi. Lakini lazima niseme ukweli: mlinzi wa ndoo ya ziwa amekiri kwamba aliuchokoa mfuko kwa fimbo "mara chache tu, kuona kama umelowa." Kwa hiyo Bibi naye ana haki yake. Na ile ya uso mweusi niliiosha mwisho kwa maji ya ziwa bila kujali chochote, haikugandamana hata kidogo. Daktari, haya.

Kusokota. Tulifuata Mzee. Wawili wawili, kijiti pajani, mwenzake anarudi nyuma kuelekea mlango wa jiko. Yule aliyelia alikuwa anavuta. Niliinama karibu nione: vidole vyake viwili vilikuwa vinabana, vinaachia, na kila alipoachia msokoto uliruka mbele kama mdudu anayepanda jani, unameza nyoya, unasimama kwenye vidole vinavyofuata. Alikuwa ameshika pumzi. Walifika mlangoni, zaidi ya mita 2, haikukatika. Tukaukunja katikati, ukajisokota wenyewe upande wa pili, nyuzi mbili zikawa moja imara. Ameufunga mkononi na hataki ufumwe.

Jozi nyingine ilikatika mara 11. Nilitazama ncha: saba zimechanua, nne za meno. Sijui tunampa nani ushindi.

#32 Mwana_Lushi
Nne kati ya 11 ni zaidi ya theluthi. Methali inapanda bei.

#33 Mfugaji_Molo
Mliweka mafuta kwenye viganja?

#34 Mama_wa_Himbi
Jozi iliyofika mlangoni iliweka. Iliyokatika pia iliweka.

#35 Mzee_wa_Pamba
Mtoto aliyeshika pumzi. Nimemwona kabisa. Asante mama.

#36 Bibi_Korosheti
Kile kipande kigumu usikitupe, niletee, nitakata soli za watoto wote 9. Na sufu nyeupe mtaitia rangi gani? Mbegu za avoka zinatoa rangi ya waridi nzuri kabisa.

#37 Kijana_wa_Kibumba
Maganda ya vitunguu ni bora, yanatoa rangi ya dhahabu. Na neti utakuwa umebaki nayo.

#38 Mama_wa_Himbi
Mbegu za avoka ninazo tangu jana, nimezikata, ziko chunguni. Nimeweka maji ya mvua, nimekuwa mwanafunzi mzuri.

#39 Kemia_Bukavu
Subiri mama! Kwa mbegu za avoka magadi yanaleta wekundu zaidi. Chemsha mbegu na maji ya ziwa, poza hadi vuguvugu, ndipo utie sufu, bila kuikoroga.

#40 Mama_wa_Himbi
Mwalimu, ni wewe uliyetukataza ziwa! Haya, nimemtuma mtoto na bidoni.